Uliza Daktari wa Ndege: Marisau Yaliyokosa Shabaha

Mwezi uliopita, nikimjibu msomaji aliyeuliza kuhusu bata wanaokufa bila jeraha, nilidokeza kwa aya moja tu kwamba dawa yao ni watu kuacha kuwinda kwa marisau ya madini ya risasi. Sikujua kwamba nimechokoza mzinga. Sijawahi kupata barua nyingi kiasi hiki tangu nipewe ukurasa huu. Moja imeandikwa kwa wino mwekundu na haina hata salamu. Nimechagua nane. Ya wino mwekundu haimo, ila hoja yake imo kwenye barua ya mzee mmoja aliyeisema kwa adabu zaidi.

Daktari, uliandika kwamba watu watumie "risasi zisizo na risasi". Hapo kalamu ilisinzia, au ni mimi nisiyejua kusoma? — Mwalimu wa lugha

Hatukusinzia, mwalimu, wala mimi wala kalamu. Lugha yetu imekiita kitu kwa jina la madini yake. Neno risasi tulilitoa kwenye Kiarabu, ambako ni jina la yale madini mazito ya kijivu. Likahamia kwenye kitu kilichotengenezwa nayo, na leo ukisema risasi, watu huinamisha vichwa kabla ya kukumbuka kuwa kuna madini. Kwa hiyo tupatane kwa ukurasa huu: madini nitayaita ledi. Vile vipunje vidogo vya bunduki ya kuwindia ndege, vinavyotoka kwa mamia mara moja, ni marisau. Ile moja kubwa ya kumpigia mnyama ndiyo itakayobaki na jina la risasi.

Shikamoo Daktari. Mimi si mwindaji na bunduki sijawahi kuishika. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: punje iliyomkosa bata imezama kwenye tope, habari yake imekwisha. Inamuuaje bata mwingine ambaye hata mlio hakuusikia? Na kama wanakufa hivyo, mizoga iko wapi? Mimi hupita kando ya maji kila asubuhi na sijaona hata mmoja. — Mpita njia

Marahaba. Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo lililochelewesha jambo hili kwa miaka mingi.

Nianze na bata niliyemtaja mwezi uliopita. Aliletwa na mlinzi wa hifadhi ndani ya gunia, bado joto. Alikuwa jike. Nilipompapasa kifuani, mfupa wa kidari ulichomoza kama ukingo wa jembe, nyama yote pembeni imekwisha. Mlinzi aliniambia kuwa siku mbili kabla alimwona akitembea mabawa yamemwangukia ubavuni, mithili ya paa la banda lililokosa nguzo. Manyoya chini ya mkia yalikuwa yamelowa kinyesi cha kijani. Nilipompasua nikakuta mfuko wa nyongo umevimba, na chakula kimeshindiliana kutoka kooni hadi tumboni kama pamba ndani ya mto. Alikufa njaa huku amejaa chakula. Ledi ilikuwa imepooza misuli ya kukisukuma.

Firigisi niliifungua mwisho. Nilimwaga yaliyomo kwenye chujio la chai (nyumbani bado wanalitafuta) nikafungulia bomba. Vikabaki mchanga, mbegu, na vitu tisa vidogo, bapa, vinavyong'aa, vimelainika pembeni kama peremende iliyonyonywa. Nikapitisha sumaku juu yake, hakuna kilichonyanyuka. Nikakikandamiza kimoja kwa wembe, kikakatika kama jibini. Ingekuwa chuma, sumaku ingekivuta. Ingekuwa bismathi, madini mengine yanayotengenezewa marisau, kingepasuka vipande. Kilichokatika laini namna ile ni ledi.

Wala usidhani bata yule alikuwa amepigwa. Ngozi yake haikuwa na tundu hata moja. Bata hana meno. Husaga mbegu kwa vijiwe anavyovimeza makusudi na kuvihifadhi kwenye firigisi. Anapochokora tope kutafuta kijiwe cha duara chenye ukubwa wa mbegu, punje ya marisau humfaa kuliko kijiwe chenyewe. Anaimeza akidhani amepata. Firigisi ina misuli ya kusaga na asidi ya kuyeyusha, na ledi ni laini, basi inasagika na kuyeyuka siku baada ya siku na kuingia kwenye damu. Mwili unaipokea kwa bashasha kwa sababu unaidhania ni kalisi, ile ya kujengea mifupa na maganda ya mayai. Inaenda kwenye mifupa, kwenye ini, kwenye figo, inazuia damu isitengenezwe sawasawa, inaharibu mishipa ya fahamu. Majike yanayojiandaa kutaga huumia zaidi, kwa kuwa miili yao inaitafuta kalisi kwa udi na uvumba. Kwa bata mdogo punje moja yaweza kutosha. Marisau yaliyobaki kwenye nyama ya ndege aliyejeruhiwa akapona hayana sumu kali kiasi hicho, kwa maana nyama haina asidi wala haisagi.

Sasa hesabu. Ganda moja la bunduki ya marisau hubeba punje mia mbili hadi mia tatu. Ndege aliyepigwa vizuri huanguka na punje chache tu mwilini. Nyingine zote, hata kwa mwindaji hodari kuliko wote, zimekosa. Zinaanguka palepale bata wanapolisha, maana ndipo mwindaji alipowafuata. Na kwenye tope zinakaa miongo mingi, ledi haiharakishi kuoza.

Ama mizoga: ugonjwa wa mlipuko huua ndege mia kwa siku moja na kuwaacha wazi juani, kila mtu akapiga simu. Ledi haifanyi hivyo. Inamchukua bata mmoja leo, mwingine kesho kutwa, wiki mbili au tatu baada ya kumeza. Aliyedhoofika hujificha matetekani, na kabla hajakauka mnyama fulani ameshampata. Ndiyo maana hukumwona. Mtafiti wa Illinois, Frank Bellrose, alikaa kuhesabu jambo hili miaka mingi, na mwaka 1959 akachapisha makadirio kwamba asilimia 2 hadi 3 ya bata na mabata bukini wote wa Amerika Kaskazini walikuwa wakifa kwa ledi kila mwaka. Hiyo ni karibu milioni mbili. Hakuna aliyeona lundo.

Binti yangu, nimewinda bata miaka arobaini. Marisau ya chuma ni mepesi, yanajeruhi ndege badala ya kuwaua, na yatapasua mtutu wa bunduki niliyoachiwa na marehemu baba. Ninyi wa maabara mnatunga sheria bila kulowa miguu. Mnatuonea. — Mwindaji wa siku nyingi

Mzee wangu, shikamoo. Miguu nimelowa. Baba yangu mimi pia aliwinda, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kuokota maganda aliyoyatupa. Kwa hiyo tuzungumze bunduki.

Kuhusu uzito una haki. Ledi ina uzito wa gramu 11.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma hakifiki 8. Punje ya chuma ya ukubwa uleule hupoteza kasi mapema. Waliozoea chuma hutatua hilo kwa mambo mawili: wanachukua punje kubwa zaidi, kwa kawaida kubwa kwa saizi mbili kuliko ile waliyozoea kwenye ledi, na wanasubiri ndege akaribie. Mita thelathini na kitu, basi. Hili la pili ndilo gumu, kwa kuwa linadai subira, na si fundi wa bunduki anayeuza subira. Lakini niambie kwa haki ya Mungu: ndege wangapi umewajeruhi kwa ledi ukiwapiga mbali mno? Wengi wa waliojeruhiwa kwa chuma wanatoka kwenye mkono uleule.

Kuhusu mtutu pia hujakosea moja kwa moja. Chuma ni kigumu kuliko ledi, na mitutu ya zamani yenye kuta nyembamba, au yenye mdomo uliobanwa sana, yaweza kuvimba ikipitisha punje kubwa za chuma. Bunduki ya marehemu usiilishe chuma kabla fundi hajaipima. Ila ipo bismathi, yenye uzito wa karibu 9.7, laini kiasi cha kutoudhuru mtutu wa zamani. Ipo pia tangsteni, ambayo ni nzito kuliko ledi yenyewe. Zote mbili ni ghali kuliko chuma, silifichi. Lakini bunduki ya urithi haipigi maganda mia kwa msimu, au sivyo?

Na mimi nina dukuduku langu ambalo wenzangu wa uhifadhi hawapendi nilitaje. Marisau ya chuma hufungwa ndani ya kikombe ili yasikwaruze mtutu, na kikombe hicho kwa muda mrefu kimekuwa cha plastiki kinachobaki majini. Siku hizi vipo vinavyooza. Ndivyo vya kudai dukani. La pili, si kila kisicho ledi ni salama. Zinki, kwa mfano, humuua bata vilevile. Ndiyo maana Marekani haikubali marisau mapya mpaka ithibitishwe kwanza kwamba hayamdhuru bata. Mwuzaji akikuambia tu kwamba "haya hayana ledi", muulize basi yana nini.

Kuonewa ndipo tunapoachana. Marekani ilipiga marufuku marisau ya ledi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, baada ya kulitekeleza hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa. Uholanzi ikafuata 1993 kwa marisau yote, Denmark 1996. Maneno uliyoniandikia yalisemwa kote huko, karibu neno kwa neno. Wawindaji bado wapo, bunduki bado zinalia, na vijana walioanza baada ya hapo hawajui hata tunagombania nini.

Kabla hujaniandikia tena, fanya jambo moja. Tandika karatasi mbili pana, chora duara la ukubwa mmoja kwenye kila moja, simama mita thelathini, piga ya kwanza kwa ganda la chuma, ya pili kwa la ledi. Hesabu matundu ndani ya duara. Niletee karatasi zote mbili. Nikishindwa nitakiri hapahapa, kwa wino mwekundu.

Daktari, bata wanachokora tope, sawa. Lakini nimesikia hata tai wanakufa kwa ledi. Tai ana haja gani na vijiwe? — Mpenda tai

Tai hana haja na vijiwe. Ana haja na bata. Anayempata kwa urahisi ni yule aliyelegea, mwenye marisau firigisini au nyamani, na sumu inahama naye. Vifo vya yule tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa la Marekani, vilikuwa moja ya sababu zilizoisukuma serikali ya huko hadi kwenye marufuku ya 1991.

Lakini kwa tai na tumbusi tatizo kubwa zaidi ni risasi za wanyama wakubwa. Risasi ya ledi ikimpiga mnyama kwa kasi haibaki nzima. Humeguka, na vipande vingine ni vidogo kama vumbi na huruka mbali na tundu lenyewe. Mwindaji hupasua mnyama, huacha utumbo porini na kwenda zake. Niliwahi kuupiga eksirei utumbo mmoja wa namna hiyo. Kwenye picha ulionekana kama anga la usiku usio na mwezi, nyota tupu.

Kondori wa California, aina ya tumbusi mkubwa, ndiye aliyelipa ghali kuliko wote. Mwaka 1982 walibaki takribani 22 duniani. Mwaka 1987 wa mwisho porini akakamatwa ili wazalishwe mabandani, na tangu 1992 wamekuwa wakirudishwa porini. Tangu warudi, kinachowaua zaidi ni ledi. Wanakamatwa, wanapimwa damu, wanadungwa dawa ya kuinasa ledi, wanaachiwa, halafu wanakula mzoga mwingine. California ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuacha ledi katika uwindaji wote, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019. Kule Hokkaido, Japani, tai wakubwa wa baharini walikuwa wakifa baada ya kula mizoga ya kulungu iliyoachwa na wawindaji, na risasi za ledi kwa kulungu zikaanza kukatazwa mwaka 2000. Botswana watafiti walipima damu ya tumbusi mgongo-mweupe zaidi ya mia tano. Karibu theluthi yao walikuwa na ledi kupita kiasi, na hali ilikuwa mbaya zaidi msimu wa uwindaji na katika maeneo ya uwindaji. Ndege hao wako ukingoni mwa kutoweka hata bila ledi.

Kwa risasi dawa yake ni shaba. Risasi ya shaba hufunguka kama ua inapompiga mnyama lakini hubaki kipande kimoja.

Na vile vyuma vizito vya ndoana, navyo ni ledi. Mbona hamvisemi? — Mvuvi

Nasema sasa. Mto Thames, Uingereza, bata maji wale weupe wenye shingo ndefu walikuwa wakipungua miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na wengi walikutwa na vizito vya wavuvi matumboni. Mwaka 1987 vizito vidogo vya ledi vikakatazwa kuuzwa, na bata maji wakaongezeka. Sijui mfano mwepesi kuliko huo.

Dada Daktari, mume wangu huleta nyama ya kuwinda na watoto wanaipenda. Huwa natoa kila punje ninayoiona. Inatosha? — Mama wa watatu

Haitoshi, mdogo wangu. Punje unayoiona haina shida, utaitema. Shida ni vile vipande ambavyo jino halivisikii. Mwaka 2008 huko North Dakota, Marekani, mifuko ya nyama ya kulungu iliyotolewa msaada kwa maskini ilipigwa eksirei, na mingi ilikutwa na chembe za ledi ambazo hakuna mpishi angeziona. Ndege mdogo aliyepigwa kwa marisau ni vivyo hivyo: punje hugonga mfupa, hukwaruzika, huacha unga. Ukimpika kwa siki au ndimu, asidi huyeyusha zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha ledi kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na walio tumboni, kwa sababu ubongo wao ungali unajengwa. Uingereza, kupitia mamlaka yake ya chakula, imeshauri tangu 2012 kwamba watoto wadogo, wajawazito na wanaotarajia kushika mimba wapunguze kabisa nyama iliyopigwa kwa ledi. Mimi kwa watoto wangu nisingepunguza, ningeacha. Usimwambie mume aache kuwinda, mtagombana bure. Mwambie abadilishe ganda. Na nyama iliyozunguka tundu la risasi, kata mbali kwa mkono mpana, tupa. Wala usimpe mbwa.

Ndugu Daktari, mimi ni mwanasheria. Nchi nyingi zinakataza ledi kwenye maeneo oevu tu, na hapo penyewe mtu anaweza kukataa kwamba alikuwa kwenye eneo oevu. Je, sheria hizi zimefanya kazi, au ni mapambo? — Wakili

Nyingine kazi, nyingine mapambo, na tofauti yake inaonekana kwenye chujio langu.

Marekani imefanya kazi. Baada ya marufuku ya 1991, watafiti walichunguza maelfu ya firigisi kwenye njia ya ndege wanaohama wakifuata mto Mississippi, wakakadiria kwamba vifo vya bata kwa ledi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 64, na kwamba msimu wa 1997 peke yake uliokoa bata milioni 1.4. Na ledi ya zamani ilikuwa bado topeni! Kilichosaidia ni kwamba sheria ilimfuata ndege: ukiwinda bata, huna ledi, uwe wapi uwe wapi. Afisa anaangalia mfuko wako wa maganda na sumaku mkononi. Kesi imekwisha.

Uingereza (yaani England, kuanzia 1999) nayo ilikataza ledi kwa bata, lakini watafiti waliponunua bata kutoka kwa wafanyabiashara wa nyama ya kuwinda walikuta asilimia 70 wamepigwa kwa ledi. Walirudia miaka michache baadaye, ikawa 77. Ganda la ledi liliruhusiwa kwa ndege wengine wa nchi kavu, basi lilikuwa tayari mfukoni. Bata akipita, nani atabadilisha? Mwaka 2020 vyama vya wawindaji wenyewe vikaahidi kuacha ledi kwa hiari ndani ya miaka 5. Nilifurahi siku ile, nakiri. Msimu baada ya msimu watafiti wamenunua kwale wakubwa wa huko wanaoitwa pheasant na kukuta ledi kwa zaidi ya 9 kati ya 10. Julai 2025 serikali ikatangaza kwamba itakataza kwa sheria, na kutoa muda wa mpito wa miaka 3.

Umoja wa Ulaya umejaribu kuziba mwanya uliousema. Tangu tarehe 15 Februari 2023 hairuhusiwi kupiga marisau yenye ledi ndani ya eneo oevu au mita 100 kulizunguka, na hata kuyabeba ukiwa huko kuwinda ni kosa. Makadirio yao ni kwamba ledi ilikuwa ikiua ndege wa majini wapatao milioni moja kila mwaka katika nchi hizo. Mita mia ni hatua nzuri kwenye karatasi, lakini bado mlinzi anahitaji kamba ya kupimia. Denmark haina shida hiyo kwa kuwa imekataza kila mahali, na Aprili 2024 ikawa nchi ya kwanza kukataza hata risasi za ledi.

Hiari si upuuzi kila mahali, nisije nikadhulumu watu. Arizona serikali ya jimbo huwapa wawindaji wa eneo la kondori risasi zisizo za ledi bure, na wengi mno wanashiriki. Kondori wa huko bado wanalewa ledi, maana wachache waliobaki wanatosha kumpata ndege anayeruka kilomita nyingi kwa siku akitafuta mzoga mmoja.

Nakukumbusha pia, wakili, kwamba upo mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, uliofungwa The Hague mwaka 1995. Nchi zilizouridhia zilikubaliana zijitahidi kuacha marisau ya ledi kwenye maeneo oevu kufikia mwaka 2000. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita. Bata anayehama hana paspoti; anameza punje upande mmoja wa bahari na kufa upande mwingine.

Daktari, nina miaka 12. Dada yangu amenisomea yote uliyoandika mwezi uliopita. Yale marisau ambayo tayari yako kwenye tope yataondolewaje? Na ni kweli una chupa ya marisau mezani? Yako mangapi? — Msomaji mdogo

Mjukuu wangu, swali lako la kwanza limewashinda wakubwa wengi. Kuyaokota yote haiwezekani, ni kama kuokota mtama uliomwagika baharini. Kwenye mabwawa machache watu wamelima tope ili punje zishuke chini midomo isikofika, kwingine wameongeza kina cha maji ili bata wa kuchokora wasifikie. Wengine wamemwaga changarawe safi ili bata wachague hiyo. Kila njia husaidia kidogo mahali padogo. Punje nyingine zenyewe huzama taratibu, hasa kwenye tope laini, na kwenye mchanga mgumu hukaa juu miaka na miaka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoongeza nyingine.

Chupa ninayo. Ilikuwa ya dawa ya kikohozi, ina mfuniko mweupe, na nimekuwa nikitia humo kila punje niliyoitoa kwenye firigisi tangu nianze kazi. Ukiinyanyua utashangaa uzito wake. Karibu na juu kuna tabaka jembamba lenye kutu: hiyo ni chuma, niliitoa kwa bata walionona, waliokufa kwa mambo mengine kabisa. Sikuwahi kuyahesabu mpaka ilipofika barua yako. Jana jioni nikayamwaga kwenye sinia, nikaanza kutenga kumikumi kwa kibano. Nilikuwa nimefika mia nne na kumi na saba na sinia haijafika nusu, mlinzi wa hifadhi akapiga simu, ana gunia jingine. Nilipotoka mbio kiwiko kikagonga sinia. Nitaanza upya Jumamosi, kwanza niyatafute chini ya kabati.